Maji Meupe Siyo Maji Safi



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi bwenini, bwaloni na hata katika foleni ya bombani, yaani ile chupa ya Chama cha Sayansi. Najua wapo watakaosema kwamba nawaonea wenzangu wivu. Lakini mtu hawezi kuionea wivu kazi ya mikono yake mwenyewe. Mimi ni mwanachama wa Chama hicho, na ni mimi niliyeijaza chupa hiyo.

Kwa faida ya wale ambao hawajaiona, chupa yenyewe imewekwa juu ya rafu katika maabara ya kemia. Maji yaliyomo ni meupe kama ya chemchemi. Kando yake ipo chupa ya pili yenye maji ya bluu, mazito kama wino. Chini yake imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana: “Maji machafu ya rangi yamekuwa maji safi kwa nguvu za umeme.” Siku ya Wazazi, mwishoni mwa muhula, chupa hizo mbili zitapelekwa ukumbini ili wageni wazione.

Maoni yangu ni haya: karatasi hiyo iandikwe upya kabla wazazi hawajafika, na neno “safi” lifutwe. Nitaeleza sababu zangu moja moja, na nawaomba wasomaji wanivumilie mpaka mwisho ndipo wanihukumu.

Kwanza nieleze maji hayo yalikotoka. Nyumbani kwetu Morogoro, mama yangu mdogo na wenzake wanne hutia rangi vitambaa vya batiki. Hiyo ndiyo kazi inayonilipia nauli na madaftari. Hutumia rangi ya unga, kostiki soda, na dawa nyingine waiitayo haidro. Kazi ikiisha, maji yaliyobaki humwagwa katika mfereji nyuma ya nyumba, na mfereji huo hushuka mpaka kijitoni. Likizo iliyopita niliyaacha maji hayo yakapoa, nikajaza dumu la lita 20, nikaja nalo shuleni kwa basi. Kondakta alinung'unika njia nzima, lakini dumu lilifika.

Wenzangu wa Chama walipoliona walifurahi, kwa kuwa tulikuwa tumemaliza kusoma elektrolisisi na tulikuwa tukitafuta kazi ya kuifanyia. Tulipasua betri kuukuu za tochi, tukatoa vile vijiti vyeusi vya kaboni vilivyo katikati. Tulivitumbukiza viwili katika lita 2 za maji ya rangi, tukaviunga na kile kisanduku cha maabara kinachopunguza umeme, ambacho mtu huweza kuchagua volti 2 mpaka volti 12. Mwalimu wetu wa kemia alituagiza tufungue madirisha yote, tukafungua. Tukatia chumvi ya mezani ili umeme upite vizuri.

Daftari letu laonyesha yaliyofuata. Siku ya kwanza tulitia nusu kijiko cha chumvi, na rangi ilikawia sana kuondoka. Siku ya pili tulitia kijiko kizima, rangi ikaondoka mapema zaidi. Siku ya tatu tulitia vijiko vitatu, tukapandisha volti mpaka 12, na mita ikaonyesha ampea 2. Baada ya saa moja maji yalikuwa meupe kabisa, na chumba kizima kilinuka kama nguo nyeupe zilizolowekwa katika dawa. Tulipiga makofi. Mwenzetu mmoja aliandika daftarini: “Leo tumepata njia bora.”

Maneno hayo ndiyo yanayonisumbua. Bora kwa kipimo gani? Kipimo chetu kilikuwa jicho, wala hatukuwa na kingine. Kwa jicho, chumvi nyingi na umeme mwingi ndiyo njia bora, na hapo tulisema kweli. Lakini jicho huona rangi tu.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kutembelewa. Mama mdogo alikuja, nikamwamkia na kumpeleka maabara kwa fahari nyingi. Aliitazama ile chupa kwa muda mrefu, akaishika, akaiinua juu penye mwanga. Kisha akasema, “Kumbe yanakuwa meupe hivi! Basi mwanangu, ukinifundisha, kiangazi sitayamwaga tena. Nitamwagilia mchicha wangu.”

Nilinyamaza. Mchicha huo ndio tunaokula nyumbani, na unaobaki huuzwa kwa majirani. Yeye hakukosea hata kidogo, maana alisoma karatasi yetu na karatasi yetu yasema maji ni safi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba neno tuliloliandika kwa ajili ya maonyesho linaweza kutoka ukumbini na kuingia katika sufuria ya mtu.

Alipoondoka nilichukua makopo matatu, nikapanda miche ya mchicha iliyolingana. Kopo la kwanza nililinywesha maji ya bomba, la pili maji ya rangi yasiyosafishwa, na la tatu maji yetu meupe. Baada ya siku chache mche wa maji meupe ulikuwa umenyauka kabisa, tena kabla ya ule wa maji ya rangi. Nilikwenda kwa Mwalimu nikidhani nimegundua jambo kubwa. Akaniuliza swali moja tu: “Je, uliweka kopo la maji ya chumvi peke yake?” Sikuweka. Akaniambia nirudie.

Nilirudia kwa makopo manne. La nne nililitilia maji ya bomba yenye chumvi kiasi kilekile tulichokitumia. Mche wa chumvi ulinyauka, lakini ule wa maji yetu meupe ulitangulia. Halafu nikayaacha maji yetu juani siku mbili mpaka harufu ikaisha, nikamwagilia mche mwingine. Huo ulikwenda sawa na ule wa chumvi. Basi nikafahamu kwamba maadui walikuwa wawili. Wa kwanza ni chumvi tuliyoitia sisi wenyewe. Wa pili ni kitu chenye harufu, ambacho jua hukiondoa.

Kitu hicho ni klorini. Chumvi ya mezani ina kloridi. Kwenye anodi, kloridi hupokonywa elektroni ikawa klorini, na klorini ikichanganyika na maji hutokea dawa ileile ya kung'arishia nguo nyeupe. Kwa hiyo hatukuyasafisha maji kama tulivyojigamba. Kwa sehemu kubwa tulitengeneza dawa ya kung'arisha ndani ya maji machafu, nayo ikaifuta rangi.

Wengine watauliza, rangi ikifutika si ndiyo imekwisha? Hapana. Kipande kidogo tu cha kemikali ya rangi ndicho kinachofanya macho yetu yaone bluu au nyekundu. Kipande hicho kikivunjwa rangi hupotea mara moja, lakini mabaki yake yamo majini, yasiyoonekana. Tena klorini inaweza kujishikiza katika mabaki hayo na kufanya vitu vipya. Mwaka 1974, mtaalamu wa maji Johannes Rook wa Rotterdam, Uholanzi, alieleza kwamba klorini inayotiwa katika maji ya kunywa ili kuua vijidudu hukutana na mabaki ya mimea na kufanya klorofomu. Ikiwa hayo huweza kutokea katika maji ya kunywa yenye uchafu kidogo tu, sembuse maji ya rangi?

Waswahili husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Naona methali hiyo yaihusu chupa yetu.

Sasa nieleze kipimo kinachofaa. Wataalamu wa maji hupima kiasi cha oksijeni ambacho uchafu uliomo ungehitaji ili uunguzwe wote. Katika maabara kipimo hicho huitwa COD. Mwalimu wetu hukiita “deni la oksijeni”, nami nimelipenda jina hilo. Maji yenye deni kubwa yakiingia mtoni, vijidudu huanza kuula ule uchafu, na katika kuula huitumia oksijeni iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi, ingawa maji yenyewe huenda hayana rangi yoyote.

Yeyote asiyesadiki afanye hesabu hii. Chukua gramu 1 ya sukari, ikoroge katika lita 1 ya maji. Maji hubaki meupe kama kioo. Lakini ukiandika mlingano wa kuungua kwa sukari, utaona kwamba gramu 342 za sukari huhitaji gramu 384 za oksijeni. Basi gramu 1 huhitaji zaidi ya gramu 1.1, na deni la lita hiyo ni kama miligramu 1,120. Nchini Tanzania, kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zaweka ukomo wa miligramu 60 kwa lita kwa maji machafu yanayomwagwa. Yaani maji yale ya sukari, ambayo hakuna jicho litakaloyalaumu, yamepita ukomo kiasi cha mara 18 na zaidi. Kama sukari inaweza kujificha hivyo, mabaki ya rangi yatashindwaje?

Watu wasidhani kwamba napinga kutumia umeme. La. Naupenda, na ndiyo maana nataka tuutumie kwa akili. Baada ya mambo ya mchicha, Mwalimu alituonyesha njia ya pili. Badala ya kaboni tulikata mabamba mawili ya alumini kutoka katika sufuria iliyotoboka. Maji ya batiki ni makali kwa sababu ya kostiki soda, kwa hiyo kwanza tulitia asidi kidogo kidogo mpaka karatasi ya litimasi isionyeshe ukali wa upande wowote. Chumvi hatukutia hata chembe, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa na madini ya kutosha kupitisha umeme.

Katika njia hiyo anodi ya alumini huyeyuka polepole. Alumini iliyoyeyuka hugeuka kuwa kitu laini kama ute, nacho huzinasa chembe za rangi na kuzishusha chini. Baada ya nusu saa tuliacha maji yatulie. Asubuhi tulikuta juu maji maangavu na chini tope la bluu. Basi rangi haikufa, ilihama tu. Tope hilo lina rangi yote tuliyoiondoa, na mtu akilitupa mferejini atakuwa hajafanya kazi yoyote. Yafaa likaushwe mahali pasipopitiwa na mvua, na lipimwe uzito, ili ajulikane kwamba yupo na anasubiri mahali pa kuzikwa.

Tukayachemsha yale maji ya juu pamoja na asidi na matone ya pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau. Penye uchafu wa kuunguzika, zambarau hupotea. Ilipotea, ingawa kwa matone machache kuliko maji yasiyosafishwa. Maana yake deni lilipungua lakini halikwisha. Mwalimu alitutahadharisha kwamba kipimo hicho kisifanywe katika maji yetu ya kwanza, kwa kuwa chumvi nayo huila pamanganeti na kutudanganya. Nimeona tangu hapo kwamba hata kipimo hutaka kupimwa.

Hapo ndipo tulipojifunza maana ya kutafuta njia bora. Michael Faraday, aliyetoa sheria zake za elektrolisisi katika miaka ya 1833 na 1834, ametuachia hesabu ambayo kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aijua. Ili kuyeyusha gramu 27 za alumini hutakiwa kulombu 96,500 mara tatu. Sisi tulipitisha ampea 1 kwa nusu saa, yaani kulombu 1,800. Basi tuliyeyusha kama gramu 0.17 za alumini katika lita 2. Mara ya kwanza mabamba yalikuwa mbali, upana wa vidole vinne, na tulihitaji volti 12 ili kupata ampea hiyo 1. Tulipoyasogeza mpaka upana wa kidole kimoja, volti 6 zilitosha. Alumini iliyoyeyuka ni ileile, maana Faraday huhesabu ampea wala hajali volti. Lakini mita ya umeme huhesabu vyote viwili. Mara ya kwanza, kusafisha lita 1,000 kwa namna ile kungetumia uniti 3. Mara ya pili, uniti 1 na nusu. Kwa kusogeza bamba tu tuliokoa nusu ya umeme, na hatukununua kitu.

Hebu linganisheni na ile “njia bora” ya chumvi. Volti 12, ampea 2, saa moja, kwa lita 2: hiyo ni sawa na uniti 12 kwa lita 1,000. Tulitumia umeme mara nane kuliko huo, tukapata maji yanayoua mchicha. Mtu aliyepotea njia hafaidiki kwa kuongeza mbio.

Je, haiwezekani umeme ukaunguza uchafu wote, asibaki hata adui mmoja? Yawezekana. Mwaka 1994, Christos Comninellis wa Lausanne, Uswisi, alieleza kwa nini anodi za namna fulani huuvunja uchafu nusunusu tu, na nyingine huunguza mpaka ukawa kabonidayoksaidi na maji. Siku hizi zipo anodi zenye utando mwembamba wa almasi iliyotiwa boroni ambazo hufanya kazi hiyo ya pili. Lakini hata mwenye anodi ya almasi hawezi kumkwepa Faraday. Rudini kwenye mfano wa sukari. Kuunguza gramu 1 ya sukari kwa umeme huhitaji karibu kulombu 13,500. Kwa kilo 1 iliyomo katika lita 1,000, kwa volti 5, ni uniti 19 hivi, tena kama hakuna elektroni hata moja iliyopotea. Umeme huo ungewasha taa ya wati 10 kwa saa 1,900, yaani siku 79 usiku na mchana.

Na elektroni hupotea. Mwanzoni uchafu ni mwingi na umeme hupata kazi. Kadiri uchafu unavyopungua ndivyo umeme mwingi unavyokosa uchafu wa kuunguza, ukaanza kupasua maji tu na kutoa povu la oksijeni. Mpishi wa wali hupunguza moto maji yanapokauka, kwani akiuacha ulivyo ataunguza ukoko. Vivyo hivyo mwenye mtambo yampasa apunguze ampea kadiri deni linavyoshuka.

Tena, ile sukari vijidudu wangeila bure. Pale Mafisa, Morogoro, yapo mabwawa ya kusafishia maji taka ya mji, ambayo hutumia jua, mwani na vijidudu. Umeme wa kuunguza uchafu rahisi kama huo ni hasara. Umeme yafaa uhifadhiwe kwa vitu vigumu ambavyo vijidudu huvishindwa, na rangi nyingi za viwandani ni katika hivyo. Basi njia bora si mtambo mmoja. Ni kumpa kila mfanyakazi kazi anayoiweza: vijidudu kwa uchafu laini, alumini au chuma kwa rangi inayonasika, na anodi kali kwa mabaki machache yaliyowashinda wengine.

Mambo haya si ya dumu letu tu. Viwanda vya nguo vinavyotia pamba rangi hutumia chumvi nyingi ili rangi ishike uzi. Kwa hiyo maji yao hupitisha umeme vizuri sana, na mafundi hushawishika kuutumia. Lakini chumvi hiyohiyo ndiyo itakayozaa klorini, kama ilivyotutokea sisi. Wala jambo lenyewe si geni. Mnamo mwaka 1889, William Webster alijaribu kusafisha maji taka ya London kwa umeme na mabamba ya chuma huko Crossness. Njia za namna hiyo hazikuenea wakati ule, na sababu kubwa ilikuwa gharama. Ikiwa London ilihesabu gharama, itakuwaje sisi tusihesabu?

Sasa nijibu hoja za wenzangu, kwa kuwa nimezisikia zote bwenini.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuondoa rangi ni afadhali kuliko kukaa bure. Nakubali. Rangi ikijaa mtoni huzuia mwanga wa jua usiifikie mimea iliyo chini. Kwa hiyo kazi yetu si bure. Lakini kazi iitwe kwa jina lake. Aliyeondoa rangi aseme ameondoa rangi.

Hoja ya pili ni kwamba sisi ni wanafunzi, hatuna vyombo vya kupimia. Ni kweli. Basi na tuandike kwamba hatujapima. Si aibu kwa mwanafunzi kukosa chombo. Aibu ni kutangaza jibu la kipimo ambacho hakikufanywa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Hoja ya tatu ni kwamba wazazi hawataelewa, watataka kuona maji meupe tu. Hoja hii hunikasirisha. Mama yangu mdogo hakusoma kemia, lakini hupima haidro kwa kijiko, na hujua kwamba ikizidi kitambaa huharibika na ikipungua rangi haishiki. Anajua kutafuta kipimo kilicho bora kuliko sisi wa Kidato cha Nne. Tukimwambia kweli ataielewa. Tukimficha, mchicha wake utamwambia, na siku hiyo hatatuamini tena hata tukisema kweli.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, Siku ya Wazazi tuweke chupa nne badala ya mbili: maji ya rangi, maji ya chumvi na klorini, maji ya alumini, na tope. Kando yake tuweke makopo manne ya mchicha, yawe mashahidi.

La pili, karatasi iandikwe hivi: “Rangi imeondolewa. Maji haya hayafai kunywa wala kumwagilia. Njia ya chumvi hutumia uniti 12 za umeme kwa lita 1,000, na njia ya alumini uniti 1 na nusu. Deni la oksijeni hatujalipima sawasawa.” Maneno hayo hayapendezi kama yale ya kwanza, lakini kila moja laweza kutetewa mbele ya mtu yeyote.

La tatu, muhula ujao Chama kiombe, kwa njia ya Mwalimu Mkuu, maji yetu yapimwe katika maabara yenye vifaa vya COD. Na tukirudia majaribio tubadilishe jambo moja moja, yaani umbali wa mabamba, au ampea, au muda, au ukali wa maji, lakini tusibadilishe yote kwa siku moja kama tulivyofanya na chumvi. Tukibadilisha yote pamoja hatutajua lipi lililosaidia na lipi lililodhuru.

Mimi nitamaliza shule mwaka huu, na Chama nitawaachia wadogo zangu wa Kidato cha Tatu. Sitaki wanikumbuke kwa chupa iliyodanganya. Likizo inakaribia. Mama mdogo atanipokea kituoni, na najua swali lake la kwanza litakuwa juu ya yale maji. Nimekwisha tayarisha jibu. Nitamwambia bado, Mama, asimwagilie, na nitamweleza kwa nini. Kisha nitamwonyesha namna ya kuliacha tope litulie, alikaushe, asilitupe mferejini. Jibu hilo ni dogo kuliko alilolitumaini, lakini mchicha wake hautanyauka kwa ajili yangu.

Naomba Chama kimpe jibu hilohilo kila mzazi atakayeingia ukumbini.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama wa Chama cha Sayansi,
Kidato cha Nne.